Makala ya kuandika, si ya mbabula: namna ya kwenda ugeni kwenye saiti ya wenyewe

Hapa Lubumbashi ukimwambia mama wa sokoni kwamba unatafuta mtu wa kupokea makala yako, atakuuliza ni mifuko mingapi, imetoka njia ya Kasenga ao ya Likasi, na kama imekauka vizuri. Makala kwetu ni ile nyeusi ya mbabula, wenzetu wa Dar wanaita mkaa. Kwa hiyo tuelewane mapema, ninayosema hapa ni makala ya kuandika. Unaandika habari yenye faida, unampa mwenye saiti nyingine anaiweka kwake, jina lako linabaki pale, na mahali fulani ndani kunakuwa na linki inayomrudisha msomaji kwako. Wafaransa wanaita article invité, Wajerumani wanaita Gastbeitrag, Wamarekani wanaita guest post. Mimi naita kwenda ugeni tu, kwa sababu njo vile iko, unaingia nyumba ya mtu.

Niko na chumba kimoja Kamalondo, mashini moja (kompyuta), simu mbili, na betri ya kunisaidia umeme ukienda. Wateja wangu ni wadogo: ofisi moja ya deklara, yaani wakala wa forodha, inayopitisha mizigo Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, mama mmoja anauza mikufu ya malakiti, lile jiwe la kijani, na gereji moja. Hakuna hata mmoja mwenye pesa ya kuchoma kwenye matangazo ya Facebook kila mwezi, kwa hiyo ugeni unatufaa, tunalipa kwa jasho na mega za intaneti. Nitatumia sana mfano wa ile ofisi ya deklara maana ndiyo iliyonifundisha karibu kila kitu, na nyingine nilijifunza kwa kuumia.

Kwanza jua linki inatafutwa kwa nini. Google ilianza mwaka 1998 na hesabu moja ya Larry Page na Sergey Brin, waliita PageRank, wazo lake ni rahisi: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine, hasa zile zenye heshima zao, unapanda juu. Sawa na mtaani, radiata ikitoboka hausomi bango, unauliza watu, na ukisikia watatu wanaojua magari wanataja fundi mmoja basi unaenda kwake. Shida ni kwamba mashahidi wanaweza kununuliwa. Watu wakaanza kuandika makala za hewa, maneno mia nne ya kurudia kichwa cha habari, wanazitupa kwenye blogu mia mbili ili wavune linki mia mbili. Tarehe 24 Aprili 2012 Google ikatoa Penguin, badiliko la hesabu yake ya kupanga saiti, na saiti nyingi zilizokuwa zinaishi kwa linki za hivyo zikaanguka siku hiyohiyo. Januari 2014 Matt Cutts, ndiye alikuwa anaongoza timu yao ya kupigana na spamu, akaandika waziwazi kwamba kama unapeleka makala kwa watu ili tu upate linki, acha. Miezi miwili baadaye mtandao mmoja mkubwa wa kukutanisha waandishi na wenye blogu ukapigwa. Na Machi 2024 wakaongeza sheria nyingine juu ya saiti zenye jina kubwa zinazopangisha kurasa zao kwa watu wa nje, utakuta gazeti la maana lina kona ya kamari ambayo mhariri hata haijui.

Kila mara watu wanatangaza kwamba kazi hii imekufa. Iliyokufa ni ile ya kutupa. Makala ambayo mwenye saiti angeitamani hata bila linki yako, hiyo haijaguswa na mtu.

Halafu kuna jambo la kashe. Ninyi wa Kongo mnajua karatasi bila kashe, yaani muhuri, ni nini, inasomeka, inaeleweka, ila ukifika gishe, dirishani pale, wanakurudisha. Linki nazo ziko vilevile. Tangu 2005 mwenye saiti anaweza kuandika neno nofollow ndani ya linki, maana yake anamwambia Google mimi simdhamini huyu. Mwaka 2019 yakaongezwa mawili, sponsored kwa linki iliyolipiwa na ugc kwa zile zinazowekwa na wasomaji wenyewe. Kwa macho huoni tofauti, linki zote ni za buluu. Hauhitaji mashini kuangalia: kwenye Chrome ya simu ya Android gusa anwani pale juu, weka view-source: mbele ya ile https, kubali, skrini itajaa herufi kama siafu, kisha tafuta jina la saiti yako ndani na usome kilichoandikwa pembeni yake. Usikasirike ukikuta nofollow. Kama wasomaji wa pale ni watu wako, watabonyeza tu, dereva wa Tunduma haangalii kashe ya linki.

Sasa kabla ya kwenda kwa watu, fagia kwako. Nitasema aibu yangu. Makala ya kwanza kubwa tuliyopata ilitoka kwenye saiti moja ya Zambia siku ya Jumapili, mimi niko kwenye mechi ya Mazembe nimefurahi, napokea ujumbe: linki yenu haifunguki. Naingia kuangalia, kumbe malipo ya kuhifadhi saiti ya mteja yalikuwa yameisha Ijumaa, na ile kadi ya benki waliyotumia kulipia imekwisha muda. Tangu Ijumaa nyumba imefungwa, na wageni wanapiga hodi. Tangu hapo nina utaratibu: wiki moja kabla, nafungua ukurasa wa mteja kwa simu ya bei ndogo, kwa mega za kawaida siyo waifai, naangalia inachukua muda gani kufunguka, namba ya simu imeandikwa na +243 mbele (mtu wa Ndola akipiga zile zetu za kuanza na sifuri hazipokelewi popote), WhatsApp inafunguka ukiigusa, na ukurasa wenyewe unaendeleza jambo lilelile la makala. Usimtoe mtu kwenye makala ya karatasi za forodha ukamtupa kwenye ukurasa wa mwanzo wenye picha ya bosi akitabasamu.

Kutafuta nyumba za kuingia si kazi ngumu, ni ya subira. Kwenye Google unaandika jambo lako halafu unaongeza maneno ya mlangoni kwa lugha ya kule: kwa Kifaransa "proposer un article" ao "article invité", kwa Kiingereza "write for us", kwa Kijerumani "Gastbeitrag", kwa Kispania "escribe para nosotros". Kwa Kiswahili hakuna neno moja lililozoeleka, jaribu "tuma makala" ao ingia tu kwenye saiti utafute pa kuwasiliana. Binafsi nyumba nzuri sikuzipata kwa njia hiyo, nilizipata kwa kuuliza madereva wanasoma nini wakiwa kwenye foleni. Dereva mmoja akafungua simu yake akanionyesha blogu ya magari makubwa, imeandikwa kwa Kiswahili na mtu wa Dar, haina urembo wowote, lakini kila habari iko na maswali ya watu wa kweli chini yake. Nikasema hapa njo nyumbani.

Ukishaipata, ichunguze kabla ya kubisha. Soma makala tano za mwisho. Kama moja inasema juu ya matairi, ya pili kamari, ya tatu dawa ya kupunguza tumbo, ya nne tena kamari, hiyo si nyumba, ni gesti ya kulipa kwa saa. Angalia tarehe, kama imekaa miezi minane kimya usihangaike. Angalia kama walioandika ni watu ama ni "admin" tu kila mahali. Na usilewe namba. Utaletewa imeili, mimi napata karibu kila wiki, mtu anakwambia saiti yake iko na DR 60 ao DA 50 na makala moja ni dola 80. DR ni kipimo cha kampuni ya Ahrefs na DA ni cha Moz, ni makadirio yao ya nguvu ya saiti, Google haitumii hata kimoja. Kuna saiti nimeziona zina DR ya kujivunia na hakuna binadamu anayezisoma.

Haya, barua. Hapa njo wengi wanaangukia, wanaandika barua moja wanaituma kwa watu mia, "Mpendwa Mhariri, nimependa sana saiti yako nzuri". Mhariri anaifuta kabla hajamaliza mstari. Nawapa ile niliyomtumia mwenye blogu wa Dar, karibu kama ilivyokuwa:

"Habari za kazi ndugu. Niko Lubumbashi, ninasaidia ofisi ya forodha inayopokea magari ya kutoka Dar. Nimesoma habari yako ya foleni ya Tunduma, na pale chini wasomaji watatu wameuliza wakimaliza Zambia wanakutana na nini Kasumbalesa, naona hawajajibiwa. Mimi niko kama kilomita 90 kutoka pale na huwa naenda. Naweza kukuandikia maneno kama 1,200: karatasi zinaombwa kwa mpangilio gani, ipi ni ya OGEFREM (ofisi ya usafirishaji wa mizigo), ipi ya OCC (ofisi ya kukagua bidhaa), dereva analala wapi bila kuibiwa mafuta, pamoja na picha nilizopiga mwenyewe. Haijatoka popote. Mwisho naomba jina langu na linki moja ya ofisi. Hapo chini kuna vichwa vitatu, kama inafaa uchague kimoja."

Angalia kilichofanyika pale. Hakuna sifa. Kuna swali la wasomaji wake ambalo yeye mwenyewe hawezi kulijibu kwa sababu hajafika. Si wanasema mgeni njoo mwenyeji apone? Basi tafuta kwanza mwenyeji anaumwa wapi. Alijibu baada ya siku mbili, maneno manne tu: "Tuma cha pili hicho". Kama hajibu, subiri wiki, kumbusha mara moja kwa upole, ukinyamaziwa tena uende mlango mwingine bila kisirani.

Ila barua hiyohiyo ukiitafsiri ukampelekea Mfaransa unakosea, na hapa ndiyo nataka nikae kidogo maana kila nchi iko na mlango wake.

Tanzania, kitu cha kujua ni kwamba mwenye blogu anajibu kwa serikali juu ya kilichoko kwake. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa kuwa na leseni, na gharama zake zote ukijumlisha zilipita shilingi milioni mbili za kwao. JamiiForums ilibidi ijifunge kwa muda mwezi wa sita mwaka huo. Kwa hiyo mhariri wa kule akikuuliza hii bei umeitoa wapi, huyu afisa unayemsema ana ushahidi gani, usione anakudharau, analinda nyumba yake. Mimi nilikuwa nimeandika sentensi moja kali juu ya watu wa mpakani wanaoomba "ya maji", yaani hongo, akaniambia toa hiyo, nikaitoa, na makala haikupungukiwa kitu.

Zambia ni Kiingereza, kifupi, hawana mambo mengi, na wanapenda mtu aliye karibu. Kuwaambia wewe ni wa Lubumbashi inatosha kufungua mazungumzo, maana mkoa wao wa Copperbelt na sisi tunakula shaba moja.

Ufaransa na Ubelgiji. Faida yetu ni kwamba Kifaransa tunacho, hasara ni kwamba tunadhani Kifaransa ni kilekile. Utaandika "vous", utaanza na "Madame, Monsieur", utamaliza kwa adabu, na usiseme "je viens par la présente" kama unaandikia burgumesta wa komini, watu wa blogu hawasemi hivyo tena. Soko lao la linki ni kubwa na lina jina, netlinking, kuna majukwaa ya kununua na kuuza makala kama soko la komini yetu ya Kenya hapa mjini siku ya Jumamosi, kwa hiyo ukimwandikia mtu juu ya makala atakutumia bei kwanza. Mwambie wazi kwamba hununui. Saiti za Ufaransa zinatakiwa na sheria ya 2004 kuwa na ukurasa wa "mentions légales", ufungue, ndimo utakuta nani mwenye nyumba, na barua yako iende kwa jina siyo kwa "contact@". Ujerumani ni hivyohivyo, wanaita Impressum, na makala iliyolipiwa inaandikwa Anzeige. Mwaka 2014 mahakama yao kuu ilikataa gazeti moja kujificha nyuma ya "sponsored by", ikasema neno ni Anzeige na basi.

Marekani wanaanza na jina la kwanza tangu barua ya kwanza, mistari mitano wamechoka. Kule wakubwa wa matangazo ni FTC, na kanuni yao, waliyoipitia upya 2023, ni kwamba kama kuna uhusiano wa pesa ao zawadi kati yako na unayemsifu, msomaji aambiwe mahali anapoona. Yule mama wa malakiti aliwahi kumtumia mwanablogu wa vito mkufu mmoja bure, na yule dada kwenye mstari wa kwanza kabisa akaandika "nimepewa". Mama akanipigia analalamika, mbona ametuaibisha? Nikamweleza kwamba hiyo si aibu, ni sheria ya kwao, na kweli wale waliouliza bei hakuna hata mmoja aliyejali. Japani nao tangu tarehe 1 Oktoba 2023 tangazo lililojificha ni kosa, na anayeshikwa ni mwenye biashara, siyo yule aliyeandika, kwa hiyo ukiwa wewe ndiye unayetuma zawadi fungua macho. Urusi tangu Septemba 2022 kila tangazo la intaneti linaandikishwa na kupewa namba yake, sikuwahi kuingia huko na sina hamu.

Na China. Hapa mjini Wachina ni wengi, kwa migodi, kwa maduka, na bosi wa deklara alitaka wamjue. Nikajaribu njia ya kawaida nikagonga ukuta, kwa sababu watu wale hawako Google, wanasoma ndani ya WeChat, programu yao ya ujumbe. Kuna akaunti za umma zinazotoa makala, lakini ndani ya makala za akaunti ya kawaida hauwezi kuweka linki ya nje mtu akabonyeza, kuna sehemu moja tu chini kabisa, "soma ya asili". Kwa hiyo ugeni wa kule hauhusu linki, unahusu jina la akaunti yako na ile picha ya mraba ya kuskani. Makala yenye alama ya uandishi wa asili, kwa kawaida akaunti nyingine hairushi kama yake mpaka ya kwanza iwaweke kwenye orodha nyeupe, yaani wanapeana ruhusa wenyewe kwa wenyewe. Tulimpata kijana mmoja Mchina anayefanya kazi kwenye duka la vipuri, akatuandikia upya yote kwa Kichina, tukaomba akaunti moja ya Wachina wanaofanya biashara Afrika, wakakubali bure. Bila yule kijana tungebaki nje. Mashine ya kutafsiri isikudanganye, alitusomea ile tafsiri ya kwanza akacheka mpaka akakaa chini.

Kongo yetu tuna Code du numérique ya 13 Machi 2023, ni ndefu, ila ukifanya kazi hii kwa pesa za watu isome.

Kuandika makala yenyewe sitasema sana, kama hauna la kusema hakuna maelekezo yatakayokusaidia. Ila lugha, ndugu zangu. Niliandika ile ya Kasumbalesa kwa Kiswahili nikidhani hapo hakuna shida, mimi nimezaliwa nacho. Mhariri wa Dar akanirudishia, rangi nyekundu kila mahali. Nimeandika dereva atapata bukari karibu na parkingi, yeye ameweka ugali. Deklara kaweka wakala wa forodha. Nimeandika "falanga" akauliza ni franka ya nani. Mahali nimeandika makala, nikisema madereva wanarudi na mifuko ya makala, kaandika pembeni: "wanarudi na magazeti??" Nilicheka peke yangu kwenye giza, umeme ulikuwa umeenda. Baadaye tukakubaliana baadhi ya maneno yetu yabaki na maelezo pembeni, kwa sababu dereva akifika huku atasikia bukari siyo ugali, na deklara ndilo neno atakaloliona kwenye mabango. Mwishoni sehemu iliyosomwa sana ikawa hiyo, maneno kumi na mawili ya Lubumbashi ambayo dereva wa Tanzania anapaswa kuyajua. Mimi sikuipanga, ilitokana na wino mwekundu.

Linki iweke pale inapomsaidia msomaji. Kama umetaja orodha ya karatasi, linki iende kwenye orodha ya karatasi, na maneno yenye linki yawe hayohayo, "orodha ya karatasi", usiandike "deklara bora bei rahisi Lubumbashi", hiyo Google inaisikia harufu kutoka mbali na mhariri pia. Moja ndani, moja kwenye maelezo yako mwishoni, inatosha. Makala moja usiipeleke nyumba mbili. Ukitaka kulisema jambo lilelile kwa Wabelgiji, liandike upya, msomaji wa Antwerp anayetuma kontena hana swali moja na dereva aliyelala ndani ya kabini. Na usimpe roboti ikuandikie halafu utie jina lako, wahariri wamechoka nazo, wanazijua kwa mstari wa kwanza, na Machi hiyohiyo 2024 Google ilitoa sheria nyingine inayogusa makala zinazotengenezwa kwa wingi bila faida kwa mtu, ziwe za mashine ao za mkono.

Pesa. Ukilipa ili makala itoke, hilo ni tangazo, liandikwe hivyo na linki ipate ile sponsored, ukifanya hivyo hauna deni na mtu. Ukilipa kwa siri ili linki ionekane safi unacheza na saiti ya mteja wako, siyo yako. Na usimtumie mtu usiyemjua M-Pesa ao Airtel Money kabla haijatoka, nilishaliwa dola 25 hivyo, yule mtu hata picha yake ilikuwa ya kukopa.

Ikitoka, usikimbie. Siku tatu za kwanza kaa pale, wanaouliza wajibu, kwa jina lako. Tuma kwenye magrupu yako ya WhatsApp, mwenye nyumba aone unamletea watu na wewe. Kupima, wanaojua wanaongeza mkia wa utm kwenye linki (maneno madogo ya kuonyesha mgeni ametoka wapi) na kusoma kwenye Analytics ya Google, mimi nafanya hivyo, lakini kitu kilichonisaidia zaidi ni daftari la falanga chache lililoko kwenye meza ya sekretari wa deklara. Kila anayepiga anaulizwa "umetujulia wapi?" na jibu linaandikwa. Mwezi wa kwanza baada ya ile ya Dar daftari lilikuwa na simu kumi na moja kutoka Tanzania, ya kwanza ya bwana mmoja wa Mbeya ambaye hata hakusema habari ya mzigo, alitaka kujua kwanza kama kweli bukari ya huku inachanganywa na muhogo. Wanne wakawa wateja. Linki yenyewe ni nofollow mpaka leo.

Na yule mwenye blogu? Mwezi wa tatu akanipa jembe. Kila kitu kikibadilika mpakani ananiandikia nirekebishe ile makala, nami narekebisha, maana jina langu ndilo liko juu. Jana usiku saa nne za huku, kwake tayari saa tano, ujumbe mmoja tu: "Kaka, foleni ya Kasumbalesa leo ikoje?" Nikampigia dereva mmoja aliyeko pale.